Vitabu na Hati za Kale Zikiloa Masika: Mwongozo Kamili wa Kuziokoa

Kila mwaka masika yanapokatika, wasomaji wa Mji Mkongwe, Wete, Chake Chake na vijiji vya pwani huuliza swali lile lile: wafanye nini na msahafu wa babu, kitabu cha maulidi, daftari la tiba au waraka wa wakfu ulioingiwa na maji, kurasa zimeshikana na kuvu imeanza kuota. Mara nyingi swali huja likiwa limechelewa, kwa kuwa kitabu kimeshaanikwa juani, kimeshapigwa pasi, au kurasa zake zimeshabanduliwa kwa ncha ya kisu.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba maji peke yake huua hati chache sana. Karatasi za zamani zilizotengenezwa kwa matambara hustahimili maji kuliko karatasi nyingi za leo, na wino mweusi wa masizi haupauki, ingawa unaweza kuchujuka. Kinachoziua hati zetu ni haraka ya siku mbili za mwanzo, pamoja na kukifungia kitabu kibichi ndani ya sanduku kwa nia njema ya kukihifadhi.

Mwongozo huu ni wa familia, misikiti na vyuo vya Kurani. Usome wote kabla ya kugusa chochote, kisha urudi kwenye hatua ya kwanza.

Vitu vya kutayarisha

- Shuka nyeupe za pamba au melimeli, zilizokwisha kufuliwa.
- Karatasi nyeupe zenye kunywa maji na zisizochapwa kitu: tishu za jikoni zisizo na maua, au karatasi tupu za gazeti kutoka kiwandani. Gazeti lililochapwa lisiguse hati, kwa sababu wino wake huhamia.
- Wavu wa madirisha wa nailoni, mpya na uliooshwa. Chandarua chenye dawa hakifai.
- Beseni tatu pana na maji safi ya baridi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri au ya bomba ni bora kuliko ya kisima cha karibu na pwani, ambacho mara nyingi huwa na chumvi.
- Plastiki safi ya kufungia chakula na karatasi ya kuokea keki.
- Mbao mbili zilizopigwa randa kwa kila kitabu.
- Feni, brashi laini, glavu na barakoa ya N95. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi la kuvu.
- Penseli, daftari, mizani ya jikoni na simu yenye kamera. Kalamu ya wino isikaribie mahali hapa.
- Nafasi ndani ya friza isiyo na samaki wala nyama.

Mambo yasiyofanywa kabisa

Usianike juani. Jua hukausha ukingo wa ukurasa kabla ya katikati, karatasi ikajikunja, na ngozi ya jalada ikasinyaa na kukakamaa bila ya kurudi tena.

Usipige pasi, usitumie mashine ya kukaushia nywele, na usitie dawa ya klorini kuondoa madoa. Klorini hula wino na karatasi pamoja. Usibandike seloteipu wala usipeleke hati kutiwa plastiki ya moto dukani. Kazi hiyo haitenguliki.

Wala usifanye haraka ya kuzika au kuchoma kurasa za msahafu kwa kudhani kwamba zimekwisha. Adabu ya kuzisitiri ipo na ina wakati wake, lakini kurasa nyingi zinazozikwa baada ya mafuriko zingeweza kusomeka tena. Subiri hadi hatua ya nane.

Hatua ya 1: Hakikisha nyumba ni salama

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kuingia kwenye chumba chenye maji. Katika nyumba za mawe, tazama dari kwanza: boriti iliyooza kwenye ncha zinazoingia ukutani huweza kukaa miaka, kisha ikaachia siku ambayo sakafu ya juu imebeba uzito wa maji. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, nalo ni jengo lililokuwa likitazamwa na watu kila siku.

Ukiona ufa mpya, chokaa inayodondoka au dari iliyoshuka, toka nje na umwite fundi wa nyumba za mawe pamoja na sheha. Hakuna kitabu chenye thamani ya roho ya mtu.

*Dalili ya kufaulu:* umeme umezimwa, dari haidondoki, na una njia iliyo wazi ya kutokea.

Hatua ya 2: Tambua maji yaliyoingia ni ya aina gani

Maji ya mvua yaliyovuja kwenye bati ni mepesi kushughulika nayo. Maji ya mafuriko yaliyopita uani na kwenye mashimo ya vyoo yana uchafu unaoleta maradhi, kwa hiyo glavu ni lazima. Maji ya bahari, ambayo wakaazi wa pwani ya Pemba wanayajua vizuri kwa jinsi yanavyoingia hata kwenye mabonde ya mpunga, yana tatizo la peke yake: chumvi inayobaki ndani ya karatasi huvuta unyevu wa hewa kila siku, hivyo kitabu kinaonekana kimekauka mchana na usiku kinarudi kuwa kibichi.

Andika kwenye daftari ni maji gani na saa ngapi yaliingia. Katika hali ya hewa ya visiwani, kuvu inaweza kuanza kuota ndani ya saa 48, na hesabu hiyo inaanza pale maji yalipoingia, si pale ulipogundua.

Hatua ya 3: Toa vitabu bila ya kuvifungua

Kitabu kilicholoa kinaweza kuongezeka uzito kwa zaidi ya nusu, na mshono wake hauwezi kuubeba uzito huo. Usikivute kwa uti wake kama ulivyozoea kukitoa kwenye rafu. Kiteleze juu ya ubao au wavu, kibebe kwa mikono miwili kikiwa kimelala na kimefungwa, na ukiweke juu ya meza iliyotandikwa shuka. Anayeshughulikia misahafu atie udhu kabla ya kuvaa glavu, na meza iwe juu ya usawa wa mahali watu wanapokaa. Mambo hayo hayapunguzi kasi ya kazi, na huwapa utulivu wazee wanaotazama.

Kurasa zilizotawanyika zikusanywe kama zilivyokutwa, fungu kwa fungu. Mpangilio wa mahali zilipoangukia ni ushahidi wa kurasa zipi zilikuwa jirani, na ukiuvuruga utatumia wiki kuurudisha. Hati nyingi za kale hazina nambari za kurasa. Zina neno moja chini ya ukurasa linaloonesha ukurasa unaofuata unaanzia wapi, na neno hilo aghalabu ndilo la kwanza kuliwa na maji kwa sababu liko pembeni.

*Dalili ya kufaulu:* hakuna jalada lililochomoka mkononi, na kila fungu liko mahali pake peke yake.

Hatua ya 4: Piga picha na andika orodha

Piga picha ya kila kitabu kwa nje, na ya ukurasa wowote uliokwisha kuwa wazi. Usifungue kurasa kwa ajili ya picha. Kipe kila kitabu nambari, uiandike kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kinachokwenda nacho kila mahali.

Kisha gawa vitu katika mafungu matatu: vilivyorowa chepechepe, vilivyolowa pembeni tu, na vilivyopata unyevu bila ya maji. Katika kila fungu tanguliza hati za mkono. Kitabu kilichochapwa kwa bamba la jiwe Bombay au Cairo huenda kina nakala nyingine mahali fulani. Tenzi iliyoandikwa na bibi yako kwa herufi za Kiarabu haina. Sijui namna ya kulisisitiza hili vya kutosha, kwa sababu nimeona familia ikitumia siku nzima ya kwanza kuokoa msahafu mkubwa wa kuchapwa wenye jalada la dhahabu, huku daftari dogo lisilo na jalada likioza chini ya meza.

Hatua ya 5: Suuza, lakini si kila kitu

Hatua hii inahusu vitabu vyenye tope au maji ya bahari peke yake. Vilivyopata maji safi ya mvua vipite moja kwa moja hatua ya sita.

Kwanza jaribu wino. Kata kipande kidogo cha tishu, kiloweshe kidogo, kikandamize juu ya nukta moja isiyo muhimu pembeni mwa ukurasa, kisha kiinue. Jaribu mweusi na mwekundu kila mmoja peke yake. Wino mwekundu wa vichwa vya milango ya kitabu na wa alama za tajwidi huchujuka mara nyingi zaidi. Tishu ikitoka na rangi, kitabu hicho hakisuuzwi. Tope litaachwa likauke na kupigwa brashi baadaye.

Wino ukistahimili, funga kitabu vizuri kwa viganja viwili na ukitumbukize katika beseni ya kwanza bila ya kukiachia kifunguke, kisha ya pili, kisha ya tatu. Tope lililo juu liondoke lenyewe kwa maji. Usilisugue, kwa sababu chembe za mchanga hukwaruza maandishi. Badilisha maji yanapochafuka. Kwa chumvi ya bahari rudia beseni ya mwisho kwa maji mapya.

*Onyo:* kurasa moja moja zilizo huru zisisuuzwe namna hii. Hizo ni kazi ya mtaalamu.

Hatua ya 6: Amua kukausha sasa au kugandisha

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lenyewe ni la hesabu. Mtu mwenye vitabu ishirini vilivyorowa huvitandaza vyote siku moja, hana mikono ya kubadilisha karatasi za kunywa maji kila baada ya saa chache, na siku ya tatu vyote vimeota kuvu. Watu wawili wanaofanya kazi kwa uangalifu huweza kuhudumia vitabu vichache tu kwa wakati mmoja.

Vilivyobaki vigandishwe. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri husimamisha kuvu na kuzuia wino kuendelea kutembea; haiui kuvu wala haikaushi karatasi, lakini inakununulia muda. Na muda ndio tunaouhitaji hapa visiwani, kwa sababu hewa ya masika yenyewe imejaa maji, ilhali wakati wa kipupwe, kuanzia mwezi wa Juni, hewa huwa kavu na baridi zaidi. Kitabu kilichogandishwa Aprili na kukaushwa Julai hupata nafasi nzuri kuliko kilichong'ang'anizwa kukaushwa katikati ya mvua.

Kifunge kila kitabu kwa karatasi ya kuokea ili visigandane kimoja kwa kingine, kitie ndani ya plastiki pamoja na nambari yake, na ukiweke kikiwa kimesimama kwa uti wake. Safu moja tu, usivirundike. Vitabu vya kisasa vyenye karatasi za kung'aa navyo viende friza upesi, kwa kuwa vikikauka vikiwa vimeshikana havifunguki tena.

Umeme ukikatika usifungue mlango wa friza. Friza iliyojaa na kufungwa huweza kuhifadhi baridi kwa takriban siku mbili. Lakini Unguja tuliwahi kukaa karibu mwezi mzima bila ya umeme mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hiyo panga mapema jenereta ya nani utaitumia. Ikishindikana, toa vitabu viwili vitatu vya thamani zaidi na uvipeleke hatua ya saba.

*Usigandishe:* picha zilizochapwa juu ya vioo na vitu vya mbao vyenye nakshi za rangi.

Hatua ya 7: Kausha kwa hewa, kivulini

Chagua chumba kilichofungwa kwa mvua na kilichofunguliwa kwa hewa. Katika nyumba za mawe, chumba cha juu chenye madirisha pande mbili ni bora kuliko cha chini, ambako ukuta unanyonya maji kutoka ardhini. Feni izungushe hewa ya chumba kwa kuelekezwa ukutani au darini. Ikielekezwa kwenye kitabu itapinda kurasa na kuchana kingo.

Kitabu chepechepe kilazwe, wala kisisimamishwe. Weka plastiki au karatasi ya kuokea kati ya jalada na ukurasa wa kwanza kila upande, hasa kwa majalada ya ngozi nyekundu, kwa sababu rangi yake huingia kwenye maandishi. Jalada likiwa na ulimi unaokunjwa mbele, ufungue na uuache nje ya kitabu.

Kisha tia karatasi za kunywa maji kila baada ya kurasa kumi au kumi na tano, pale tu kitabu kinapokubali kufunguka chenyewe. Unene wa karatasi ulizotia usizidi theluthi moja ya unene wa kitabu, la sivyo uti utapasuka. Siku ya kwanza zibadilishe kila baada ya saa mbili au tatu, na kila unapobadilisha tia mahali tofauti kidogo. Usiku usipite bila ya mtu kuamka. Karatasi iliyojaa maji ikiachwa ndani hadi asubuhi haikaushi kitu; inakilaza kitabu ndani ya maji yake.

Kitabu kikianza kusimama bila ya kuinama, kisimamishe juu ya ukingo wake mkavu na kurasa zikiwa zimeachana kidogo. Kila siku saa ile ile kipime kwenye mizani na uandike uzito. Njia ya kugusa kwa kiganja hudanganya. Afadhali uguse kwa upande wa nyuma wa mkono, na ukihisi ubaridi kuliko meza iliyo karibu, bado kuna maji ndani.

Uzito ukiacha kushuka kwa siku mbili mfululizo, kilaze kati ya mbao mbili na uweke uzito wa wastani juu yake kwa wiki moja au zaidi ili kurasa zinyooke. Ukikandamiza mapema umefungia unyevu ndani.

*Dalili ya kufaulu:* uzito umetulia, harufu ya uvundo haipo, kurasa zimepinda kidogo lakini zinafunguka zote. Mawimbi madogo kwenye karatasi hayadhuru kitu, yaache.

Hatua ya 8: Kurasa zilizoshikana

Usibandue. Kurasa nyingi zinazoonekana zimeshikana huachana zenyewe kadiri zinavyokauka taratibu, na zile zinazokataa ziachwe kama zilivyo baada ya kukauka. Fungu lililoshikana ni hati iliyo salama inayosubiri fundi. Fungu lililobanduliwa kwa nguvu huacha herufi za ukurasa mmoja zikiwa zimenata kwenye mgongo wa jirani yake.

Hati za namna hiyo zipelekwe Nyaraka za Taifa, Kilimani mjini Unguja, ambako kuna hazina ya hati za Kiarabu na Kiswahili na watu waliozoea kuzishughulikia. Nenda na orodha na picha zako za hatua ya nne. Kushauriana nao hakukulazimishi kuacha kitabu chako. Uliza masharti waziwazi, na ukiacha kitu mkononi mwa mtu yeyote dai risiti yenye nambari na maelezo ya kitabu.

Baada ya ushauri huo, zile kurasa zilizosagika kabisa zinaweza kusitiriwa kwa adabu anayoijua maalim wako.

Hatua ya 9: Kuvu ikishaota

Kitenge kitabu hicho na vingine mara moja. Kuvu iliyo hai ni laini na yenye majimaji, na ukiifuta inapakaa na kuingia ndani ya karatasi. Kikaushe kwanza, au kigandishe hadi utakapoweza kukikausha; ikigeuka kuwa unga mkavu ndipo uipige brashi, nje ya nyumba, upepo ukiwa nyuma yako, ukiwa umevaa barakoa na glavu. Watoto, wajawazito na wenye pumu wasiwepo karibu. Shuka na brashi zifuliwe kwa maji ya moto.

Doa litabaki. Usihangaike nalo maadamu maandishi yanasomeka.

Picha na kaseti

Picha za harusi na za safari ya Hija zilizolowa zisiachwe zikauke zikiwa pamoja. Ziweke ndani ya maji safi ya baridi, ziachanishe humo humo bila ya kugusa uso, kisha zilaze kwenye wavu uso ukitazama juu. Zisikae ndani ya maji zaidi ya siku mbili. Kaseti za maulidi na taarab zisuuzwe kwa maji safi, zikauke kabisa, na zisichezwe hadi fundi azitazame: mkanda mbichi hukatika ndani ya redio.

Hatua ya 10: Kuvirudisha, na kabla ya masika yajayo

Usivirudishe vitabu kwenye chumba kilichofurika hadi ukuta ukauke, na ukuta wa mawe na chokaa huchukua miezi. Fundi akikushauri upigwe lipu ya saruji ili kuzuia maji, kataa. Saruji huziba pumzi ya chokaa, unyevu ukapanda juu zaidi na kutokea pale rafu ilipo.

Rafu iachane na ukuta kwa upana wa kiganja, na ya chini iwe juu ya alama ya mafuriko ya mwisho. Isiwe pia chini ya dari linalovuja. Kasha la mbao linalopitisha hewa kidogo ni bora kuliko sanduku la bati, ambalo hutoa jasho ndani usiku. Karafuu katika kifuko cha kitambaa huwekwa na wengi kufukuza wadudu. Zisiguse karatasi, maana mafuta yake huacha doa.

Vimbunga si habari ya mbali tena. Cha Aprili 1872 kilifyeka mikarafuu ya Unguja, na Hidaya kilisogea kwenye pwani ya Tanzania Mei 2024. Kwa hiyo mwezi wa Februari, kabla ya mawingu ya masika, piga picha kila ukurasa wa hati zisizo na nakala, mchana, karibu na dirisha, kitabu kikiwa kwenye marufaa na kisifunguliwe zaidi ya kinavyokubali. Nakala moja ya picha hizo ibaki nyumbani, nyingine iende kwa ndugu anayeishi kisiwa kingine au bara. Bandika orodha ya vitabu vitano vya kuokolewa mwanzo nyuma ya mlango wa chumba, na umwoneshe kijana mmoja wa nyumba hiyo vilipo, ili siku maji yatakapoingia wewe ukiwa haupo, ajue aanze na kipi.